Nusu Iliyobaki Mlimani

Mkoani Tanga ziko familia nyingi ambazo ukiwauliza wazee asili yao watakutajia kambi. Ni kambi ya mkonge: safu za nyumba zilizojengwa na mwenye shamba, bomba la maji la wote, duka la posho, ofisi ya karani, na nje ya hapo mistari ya mkonge hadi jicho linapochoka. Ukiuliza kabla ya kambi kulikuwa na nini, jibu huwa fupi. "Wazee walitoka bara." Kisha mazungumzo yanahamia kwenye mvua, au bei ya unga, na aliyeuliza anajua kwamba hapo ndipo mwisho.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa hao waliotoka bara. Kwao ni mashariki mwa Burundi, nchi ambayo wakati huo iliitwa Urundi na kutawaliwa na Wabelgiji. Alivuka mpaka kwa miguu, akaandikishwa kazi upande wa Tanganyika, akapanda treni Kigoma. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, lakini haikuungana na reli ya Tanga hadi 1963 ilipofunguliwa njia ya Ruvu hadi Mnyusi, kwa hiyo watu wa rika lake walishushwa njiani wakamalizia safari kwa barabara. Alikata mkonge, baadaye akahamishiwa korona, kule majani yanakochakatwa kutoa singa. Hakurudi kwao. Sisi wajukuu tumelelewa na Kiswahili, sikukuu za Idi na majina ya Kiislamu. Katika nyumba ya bibi yetu, Mbondei wa Muheza, Urundi haikusikika isipokuwa babu alipopandwa na homa kali, akasema maneno ambayo hakuna aliyeyajua.

Nimekuwa nikitafuta maneno yale yalitoka wapi, na katika kutafuta huko nimefikia jambo moja ambalo sikuliona mwanzoni. Wajukuu wa wahamiaji tukianza kuulizia wazee wetu, tunajiulizia sisi wenyewe. Tunataka kujua tumetoka wapi, na ni haki yetu. Lakini aliyefika hapa aliondoka pengine, na huko alikoondoka wapo watu ambao kwao habari hii hii ni habari ya mtu aliyepotea. Nusu ya hadithi ni yao. Pengine wanaihitaji kuliko sisi.

Historia ya mkonge wenyewe haina siri. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yenye asili ya Yucatán, nchini Mexico, na iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 mashamba yakaenea Tanga, Muheza na Korogwe, yakateremka hadi Morogoro na Kilosa, na kufikia 1964 nchi ilikuwa ikitoa takriban tani 230,000 za singa kwa mwaka, kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Wenyeji, yaani Wabondei, Wasambaa, Wadigo na Wazigua, walikuwa na mihogo, mahindi na minazi yao. Walikubali kibarua cha mkonge walipotaka fedha, lakini kuishi kambini mwaka nenda mwaka rudi hawakutaka. Wenye mashamba wakatafuta watu wa mbali, ambao jioni ikifika hawana pa kurudi. Wakatoka Kigoma, Urundi, Ruanda, Unyamwezi, Songea, Njombe, na ng'ambo ya Ruvuma nchini Msumbiji. Japani ilipoteka Ufilipino na Java mwaka 1942, Waingereza na wenzao wakabaki wakitegemea mkonge wa Afrika Mashariki kwa kamba zao za vita, na mwaka 1944 wakulima wa mkonge wakaunda SILABU, ofisi ya kuandikisha na kusafirisha vibarua. Watu hao ndio manamba.

Kwa nini waliondoka makwao? Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi hupenda kumaliza haraka. Zipo sababu kubwa, zile za vitabuni. Kulikuwa na kodi iliyotakiwa kwa fedha taslimu katika nchi isiyokuwa na kazi za kulipa fedha. Kulikuwa na kahawa iliyolimwa kwa amri, barabara zilizochongwa kwa nguvu za watu bila hiari, na kiboko kwa aliyechelewa. Mwaka 1943 na 1944 ikaja njaa, ile ambayo Wanyarwanda wanaiita Ruzagayura, na Urundi nako watu wakafa. Lakini ukikaa na wazee kwa muda mrefu utasikia na sababu nyingine. Mmoja alitafuta mahari. Mwingine alitaka blanketi na baiskeli kama za jirani aliyerudi kutoka Tanga amevaa viatu. Mwingine aligombana na kaka yake juu ya shamba la baba. Mwingine alikimbia ndoa. Mtu mmoja aliweza kuwa na sababu zote hizo asubuhi moja, na nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Tunapowafanya wote kuwa wahanga wa mkoloni, au wote kuwa mashujaa waliothubutu, tunawanyang'anya utu wao wa kawaida, ambao ndio tuliotumwa kuutafuta.

Ukimya wao nao ulikuwa na sababu. Ya kwanza ilikuwa dharau. Manamba lilikuwa tusi. Watoto wa kambini walitupiwa neno hilo shuleni, na binti wa kijijini akichumbiwa na kijana wa kambini wazee wake walikaa kikao kirefu. Ya pili ilikuwa karatasi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa nchini alikuwa raia moja kwa moja ikiwa mzazi wake mmoja, angalau, naye alizaliwa nchini. Mtoto wa kambini ambaye baba na mama wote wawili walitoka Urundi au Msumbiji hakuingia katika kifungu hicho. Sisi, wenye bibi Mbondei, sheria ilitupokea. Lakini kambini nani alikuwa na cheti cha kuthibitisha bibi alizaliwa wapi? Mzee aliyeulizwa kabila na karani akajibu "Muha" alikuwa akiwalinda wanawe. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na karani wa Tanga hakuwa na masikio ya kuzitofautisha. Vijana wanaolalamika kwamba wazee "walificha historia" ningewaomba wakumbuke hilo. Walificha kwa sababu kusema kulikuwa na gharama, na gharama yenyewe ingelipwa na sisi.

Wapo waliosema wazi. Wamakonde wa Kenya ni wajukuu wa watu waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani ya Kenya. Kwa miongo mingi waliishi bila vitambulisho, hawawezi kufungua akaunti ya benki, hawawezi kumiliki ardhi kwa jina lao. Oktoba 2016 wakatembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona rais. Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla Desemba haijaisha, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Kilichonigusa mimi katika habari ile ni kwamba hawakwenda kujificha ndani ya kabila jingine. Walikwenda na asili yao mkononi: babu zetu walitoka Msumbiji, walifanya kazi hii, sisi tumezaliwa hapa. Hadithi ya familia ikawa ushahidi.

Sisemi kila mtu afanye hivyo kesho asubuhi. Kabla ya kuandika au kutangaza asili ya familia, waulizwe kwanza wale ambao bado wana karatasi zinazosubiri kugongwa mhuri. Udadisi wa mjukuu mwenye pasipoti usimwingize matatani shangazi asiye nayo.

Sasa, namna ya kutafuta. Wengi huanzia kwenye nyaraka, nami nawashauri waanze na wazee, maana nyaraka zitangoja. Katika kuwasikiliza, lazima ujue hesabu zao. Kibarua alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30, na kila siku aliyomaliza ngwe yake ilitiwa alama. Zikijaa 30, alilipwa. Siku ya homa haikuhesabiwa, wala siku aliyoshindwa kumaliza. Kwa hiyo kipande kimoja kiliweza kuchukua mwezi, kikaweza kuchukua wiki sita au zaidi. Mzee akikuambia alifika na akafanya vipande ishirini kabla ya kuhama shamba, usigawanye kwa kumi na mbili ukadhani umepata mwaka. Muulize alikuta nini: je, vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha? Bei ya mkonge ilikuwa juu, mishahara ikapanda kidogo, kama ilivyotokea wakati wa vita vya Korea? Je, mtoto wa kwanza alizaliwa kabla au baada ya Uhuru? Na mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967, yeye alikuwa bado kambini au alishapata kiwanja chake kijijini?

Majina ni mtihani mgumu zaidi. Warundi wa zamani hawakuwa na jina la ukoo linalorithiwa. Kila mtoto alipewa jina lake, mara nyingi kutokana na hali ya nyumba siku alipozaliwa, na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja waliweza kuwa watano wenye majina matano yasiyohusiana. Aliyebatizwa aliongezewa jina la Kizungu. Aliyefika Tanga akasilimu alipata la tatu. Karani wa shamba aliandika alivyosikia. Ukienda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, utakuta mafaili ya Idara ya Kazi yenye takwimu na barua na malalamiko, na utajifunza mengi juu ya posho na magonjwa ya kambini. Jina la babu yako kuna uwezekano mkubwa hutalikuta. Upande wa Urundi, nyaraka za serikali ya Wabelgiji zilihamishiwa Brussels, nazo zina tabia hiyo hiyo ya kuhesabu watu bila kuwataja.

Kilichonifaa mimi ni mlima. Burundi ni nchi ya milima, na mtu anajulikana kwa mlima wake kama mtu wa huku anavyojulikana kwa kijiji chake. Jina la mtu hubadilika mara tatu, la mlima linabaki. Na wa pili kunifaa ni Wamisionari wa Afrika, wale mapadri weupe, waliofungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899, na wakaandika. Daftari la ubatizo la Kikatoliki lina jina la mtoto, la wazazi, la msimamizi, na mara nyingi mahali. Tena lina pambizo. Tangu amri ya Kanisa ya mwaka 1907 inayoitwa Ne Temere, padri anayefungisha ndoa anatakiwa kuhakikisha ndoa hiyo inaandikwa pia kwenye daftari la ubatizo la wanandoa, hata kama walibatizwa parokia nyingine. Kwa mtafutaji, pambizo hizo ni mgodi. Maisha ya mtu yanaweza kufuatwa pale kutoka ukurasa mmoja.

Jina la mlima alikuwa nalo shangazi yangu, mtoto wa mwisho wa babu, ambaye ndiye aliyemuuguza. Kwa muda mrefu hakusema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na yale maswali yako."

"Nimekuja nayo."

"Basi zima hiyo simu kwanza. Ukishanisikia, utaamua mwenyewe nini cha kuandika."

Alinitajia mlima, na jina ambalo babu alibatizwa akiwa mvulana. Alikuwa amelihifadhi kichwani tangu alipofariki baba yake, na alilitamka kwa shida, silabi moja moja, kwa namna alivyolisikia. Niliandika barua kwa parokia moja mashariki mwa Burundi. Padri aliyeipokea alikuwa mkarimu, akatafuta, akapata. Kulikuwa na jina, na mwaka, na jina la baba, na jina la mlima lile lile. Na pembeni, kwa mwandiko mwingine, kulikuwa na ndoa. Babu yetu alioa kanisani kabla ya kuondoka.

Nimesoma habari nyingi za watu waliotafuta mababu zao, na nyingi hufikia hapa zikashangilia: tumepata! Mimi nilikaa na picha ya ukurasa ule kwa muda kabla ya kumwonyesha mtu. Maana sasa hadithi tuliyokuwa tukiisimulia, ya kijana aliyekuja na mikono mitupu akajenga nyumba Muheza, ilikuwa na mwanamke ndani yake ambaye hatukumpa nafasi. Alikuwa mlimani, katika nchi ya kiboko na kahawa ya amri, na mume wake alikuwa ameondoka kwenda kutafuta fedha za kodi. Wanaume wengi walirudi baada ya mkataba. Kila msimu angewaona wa milima ya jirani wakirudi na mablanketi yao.

Alizaa binti. Binti huyo yuko hai, ni bibi kizee sasa, na ni dada wa baba yangu.

Tulimpata kupitia katekista, na kijana mmoja wa ukoo anayeishi Bujumbura na kusema Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi. Ndiye mkalimani wetu. Tunatumiana sauti kwa simu: sisi Kiswahili, wao Kirundi, yeye katikati. Na hapa nikajifunza kitu ambacho hakuna daftari lingenifundisha. Mawasiliano ya kwanza yalikuwa baridi. Walijibu kwa adabu na kwa ufupi, kama wazee wetu wa kambini walivyokuwa wakijibu. Ilichukua muda kijana yule kunieleza, kwa heshima, kwamba nyumbani watu wana wasiwasi juu ya shamba. Burundi ni ndogo, watu ni wengi, na kesi za ardhi zimejaza mahakama. Mwana wa kiume aliyeondoka ana sehemu yake katika ardhi ya baba. Ndugu zake wameilima, watoto wao wameilima, na siku moja simu inalia kutoka Tanzania: sisi ni wajukuu wa yule aliyepotea. Mtu mwenye akili lazima aogope.

Kwa hiyo ujumbe wa pili haukuwa na swali lolote la historia. Baba mdogo, kama mkubwa wa familia aliyebaki, alisema kwa sauti yake kwamba hatudai ardhi, hatutadai, na watoto wetu hawatadai, na sote tuliokuwepo tukasema jina letu mmoja mmoja kuthibitisha. Baada ya hapo ndipo habari zilipoanza kuja. Zilikuja nyingi, na si zote za kubebeka. Mwaka 1972, wakati sisi huku tukidhani kwao babu hakuna aliyemkumbuka, watu wa mlima ule walikuwa wakiuawa na kukimbia. Baadhi ya ndugu walivuka kuingia Tanzania na kuwekwa Ulyankulu, Tabora, pamoja na maelfu wengine waliopelekwa huko na Katumba na baadaye Mishamo. Huenda wapo miongoni mwa wale takriban 162,000 waliopewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Babu alikuwa bado hai mwaka 1972. Alikuwa kambini Tanga, na watoto wa kaka yake walikuwa nchi moja naye, katika mkoa unaopitiwa na reli ile ile iliyomleta.

Kuhusu nini cha kusimulia na nini cha kuacha, familia yetu haijakubaliana. Wapo wanaosema habari ya ndoa ya kwanza ni fedheha kwa bibi yetu marehemu, aliyemvumilia babu katika umaskini, akamtafutia kiwanja kwa ndugu zake, akamzika. Nawaelewa. Lakini bibi hakuiba mume wa mtu. Alimkuta mwanamume peke yake kambini, na kama alijua zaidi ya hapo, alilibeba mwenyewe. Msimamo wangu ni kwamba wanawake wote wawili waandikwe, kila mmoja na mahali pake. Wa kwanza ana picha moja tu, iliyopigwa uzeeni kwa ajili ya kitambulisho. Kijana wa Bujumbura ametutumia nakala yake. Binti zangu wameiona. Wameuliza yeye ni nani kwao, nami nimewajibu kwamba ni bibi yao pia.

Shangazi wa mlimani hakuuliza mengi. Aliuliza mwaka aliokufa baba yake, aliyemwosha, na mahali alipozikwa. Kwa desturi ya Warundi, msiba una mwisho wake: ndugu hukusanyika, wanakula na kunywa pamoja, madeni na wosia vinasemwa, na wafiwa wanaachiliwa kurudi katika maisha yao. Wanaita kuganduka. Kwa mtu ambaye haijulikani kama amekufa, sherehe hiyo haiwezi kufanyika, na kwa babu yetu haikuwahi kufanyika. Yeye, binti, amezeeka akiwa na msiba ambao hakupata ruhusa ya kuufungua wala kuufunga. Baada ya kupata majibu yake matatu alikaa siku kadhaa, kisha akatuma sauti kwamba anataka ifanyike akiwa bado na nguvu za kukaa na wageni, na kwamba wa Tanga waje.

Basi sasa tunapanga. Baba mdogo anataka dua isomwe kwanza Muheza, kaburini, na wa mlimani wamekubali. Wao wanasema kuganduka bila pombe ya ndizi hakujawahi kuonekana. Sisi tumekubali, wasiokunywa watakunywa soda. Tumeshatuma picha ya kaburi, na jina la bibi yetu, na majina ya watoto wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, maana waliomba. Msemaji wetu atakuwa shangazi, kwa sababu ndiye aliyeaminiwa jina la mlima. Hati yake ya kusafiria bado inashughulikiwa. Kila Jumapili anapokea sauti kutoka kwa kijana wa Bujumbura ikimfundisha salamu za Kirundi, anairudia mbele ya wajukuu, na akikosea wanamrekebisha.